Kitenzi Nilichokikata kwa Kalamu Nyekundu

Mwaka 1997 nilimkosesha mwanafunzi aliyekuwa amepata. Imenichukua zaidi ya miaka 25 kulijua hilo, na aliyenifumbua macho si mkaguzi wa shule wala mwanafunzi mwenyewe. Ni mjukuu wangu wa kike, aliyekuja Nyambureti wakati wa likizo na kompyuta yake mpakato, akiwa na zoezi la chuo lisilonihusu hata kidogo. Nalileta jambo hili mbele ya wapenzi wa ushairi na lugha, ingawa limejaa hesabu, kwa kuwa nililomkata kijana yule halikuwa hesabu. Lilikuwa kitenzi.

Wenye umri wangu wanazikumbuka mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka ule. Nilikuwa nikifundisha Hisabati katika shule moja ya sekondari mkoani Mara, na Kiswahili pia kila mwalimu wa Kiswahili alipohamishwa, jambo ambalo halikuwa adimu. Chini ya shule palikuwa na kijito chenye daraja la magogo. Kwenye ukingo wa upande wa shule tulisimika nguzo yenye alama kila baada ya sentimita 10, na wanafunzi waliopita pale walipewa kazi ya kuisoma mara mbili kwa siku: saa moja asubuhi na saa tisa alasiri. Nguzo ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutupatia takwimu za kuchorea grafu. Ya pili ilikuwa usalama. Niliwaambia kwamba maji yakiwa chini ya alama ya 13, wavuke. Yakifika hapo au kupita, warudi nyumbani na hawataadhibiwa.

Nilitoa na agizo jingine, ambalo leo ndilo linaloniuma. Masomo ya sekondari yalikuwa kwa Kiingereza, nami sikutaka daftari la Hisabati lichafuliwe kwa maelezo ya Kiswahili. Nikasema daftari liwe na saa na namba, basi. Maneno yangoje kipindi chake.

Kijana mmoja wa kidato cha pili hakutii. Siku moja nguzo ilisoma sentimita 120 asubuhi na sentimita 120 alasiri. Wenzake wote walitia nukta mbili na kuziunganisha kwa rula, ukapatikana mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Yeye alichora nundu. Mstari wake ulipanda kutoka nukta ya kwanza, ukafika juu, ukageuka, ukashuka taratibu hadi nukta ya pili. Chini yake akaandika kwa Kiswahili: asubuhi maji yalikuwa yanapanda, alama moja kwa nusu saa, alasiri yalikuwa yanashuka vivyo hivyo, nguzo ina tope hadi juu ya alama ya 15.

Nilichukua kalamu nyekundu na rula, nikapiga mstari ulionyooka kati ya nukta zake mbili, nikayakata maneno yote na kuuliza pembeni: "Hii umeitoa wapi?" Alipata sifuri katika tano. Hakujibu swali langu, kwani zama zile mwanafunzi hakujibizana na kalamu nyekundu.

Nijitetee kidogo. Kizazi changu kililelewa na kitabu chembamba cha majedwali ya logi. Ukitaka logi ya namba yenye tarakimu nne, jedwali lilikupa ya tarakimu tatu, kisha ukaenda kwenye safuwima nyembamba za kulia, zile za tofauti za wastani, ukaongeza kidogo. Tuliifanya kazi hiyo maelfu ya mara bila kuitambua kwa jina lake: tulikuwa tukiunganisha nukta mbili zinazojulikana kwa mstari ulionyooka, na kusoma thamani iliyo katikati. Mbinu ilifaa kwa sababu nukta zenyewe zilikuwa karibu mno. Waliotunga majedwali walijua mpaka wake. Katika ukurasa wa tanjenti, pembe zilipokaribia nyuzi 90, safuwima za tofauti zilikoma kutumika, kwa kuwa pale thamani hupanda kwa pupa na rula haisemi kweli. Nilifundisha ukurasa ule miaka mingi, nikiwaambia wanafunzi wasiutumie pale, nisijiulize kwa nini.

Sasa nirudi kwa mjukuu. Zoezi lake lilihusu nyumbu wa Serengeti, ambao kwetu ni majirani zaidi kuliko somo. Alikuwa na mlinganyo wa aina ambayo sisi hatukuifikia vyuoni kwa uzito unaostahili: mlinganyo usiokuambia kitu kiko wapi, bali kinabadilika kwa kasi gani kutegemea kilipo. Huu wake ulitokana na kazi ya Mbelgiji Pierre-François Verhulst ya mwaka 1838. Kundi likiwa dogo na malisho ni tele, huongezeka kwa kasi inayolingana na ukubwa wake. Likikaribia kikomo cha malisho, kasi hufifia. Milinganyo mingi ya namna hiyo haina jibu linaloandikika kwa fomula, hivyo programu hulitafuta kwa kutembea. Husimama kwenye nukta moja, huuliza mlinganyo "kutoka hapa mwendo ni upi?", hupiga hatua, hutua, huuliza tena.

Aligusa kitufe, grafu ikajitokeza. Ilikuwa na viwiko. Nukta zilikuwa chache, zimeachana, na kati yake mistari iliyonyooka imevunjikavunjika kama miguu ya panzi. Nikamwambia programu yake ni mbovu. Akacheka, akabadilisha neno moja katika maagizo, na grafu ikarudi laini kama shingo ya twiga, ikipita kwenye nukta zilezile.

"Umeipaka rangi," nikasema. Nilidhani ni udanganyifu wa mapambo.

"Hapana, babu. Programu haijui tu nyumbu ni wangapi kwenye kila nukta. Inajua pia wanaongezeka kwa kasi gani. Ukiyajua yote mawili kwenye kila ncha, huwezi kupiga rula."

Nilimwomba anieleze polepole, naye alinieleza kwa siku mbili. Mbinu ya kutembea hivi iliasisiwa na Wajerumani wawili, Carl Runge mwaka 1895 na Martin Kutta mwaka 1901. Inayotumika sana leo ilichapishwa na Dormand na Prince mwaka 1980. Hiyo hupiga hatua kwa busara ya mtu anayevuka mto gizani: penye mchanga tambarare hatua ndefu, penye mawe hatua fupi. Katika kila hatua huuliza kasi mara saba, hutengeneza majibu mawili ya ubora tofauti, na majibu hayo yakiachana kupita kiasi, hatua hufutwa na kurudiwa kwa ufupi zaidi. Swali la saba huulizwa pale pale mguu unapotua, na jibu lake hutumika tena kama swali la kwanza la hatua inayofuata. Kwa hiyo kila hatua inayokubalika huwa na vitu vinne mkononi bila gharama ya ziada: thamani ya mwanzo, thamani ya mwisho, kasi ya mwanzo, kasi ya mwisho.

Tatizo ni kwamba programu hodari hupiga hatua ndefu, na mtu anataka kujua ya katikati. Ukiilazimisha itue kila mahali unapotaka kusoma, unaipotezea muda na kuivunjia mwendo wake. Ukiunganisha kwa rula, unaharibu kwa sekunde moja usahihi uliolipiwa kwa hesabu nyingi. Njia ya tatu ni kutumia vile vitu vinne. Kuna mpindo mmoja tu wa kipeo cha tatu, au wa chini yake, unaopita kwenye ncha zote mbili na kuziacha kwa kasi zilizotajwa. Unaitwa kwa jina la Mfaransa Charles Hermite. Waliounda MATLAB waliliona tatizo hilo la viwiko: kitatuzi chao kiitwacho ode45, usipokiagiza vingine, hutoa nukta nne kwa kila hatua moja, ili grafu isionekane imevunjika mahali ambapo jambo lenyewe halikuvunjika. Mbinu ya Dormand na Prince ina mpindo wake maalumu ulio bora kuliko wa Hermite, lakini huo haukunishika. Ulionishika ni wa Hermite, kwa sababu katikati ya hatua unahesabika kwa kichwa.

Chukua wastani wa thamani za ncha mbili. Kisha chukua kasi ya mwanzo, toa kasi ya mwisho. Zidisha kwa urefu wa hatua, gawanya kwa 8, ujumlishe kwenye ule wastani. Basi.

Niliandika kanuni hiyo kwenye karatasi, nikaitazama, nikanyamaza. Mjukuu akauliza kama naumwa. Nilikwenda chumbani, nikavuta sanduku la bati ninamohifadhi madaftari machache niliyobaki nayo, mengine kwa kuwa yalikuwa mazuri mno na mengine kwa kuwa wenyewe hawakurudi kuyachukua. La kijana yule lilikuwamo.

Saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri ni saa 8. Thamani za ncha mbili ni 120 na 120, wastani 120. Alama moja kwa nusu saa ni sentimita 20 kwa saa, zikipanda. Alasiri ni 20 kwa saa, zikishuka, yaani hasi 20. Ishirini ukitoa hasi ishirini ni 40. Mara 8, gawanya kwa 8, ni 40. Jumla, 160.

Tope hadi juu ya alama ya 15.

Mstari wangu wa rula ulidai kwamba kijito kilikaa kimya kutwa nzima. Nundu yake ilisema maji yalipita juu ya daraja na kurudi, na ushahidi wa tope alikuwa ameuandika, nami nikaukata kwa kuwa ulikuwa kwa Kiswahili.

Mwalimu wa Hisabati haamini hesabu moja. Huenda ile 160 ilikuwa bahati. Nikamwomba mjukuu anipe hesabu halisi za nyumbu, zile zilizotokana na sensa za angani. Mwaka 1961 walikuwa takriban 263,000, na mwaka 1963 takriban 357,000. Kilichowaongeza kinajulikana: sotoka, ugonjwa ulioangamiza ng'ombe na wanyamapori wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1890, ulikuwa umekoma miongoni mwa nyumbu baada ya ng'ombe walioizunguka hifadhi kuchanjwa. Mwaka 1972 walikaribia 773,000, na mwaka 1977 walifika kiasi cha milioni 1.4.

Nikajifanya sijui chochote ila ncha mbili, 1961 na 1977, nikataka kujua ya mwaka 1969. Rula ilitoa takriban 830,000. Kisha nikatia kasi: mwanzoni nyumbu 47,000 kwa mwaka, kwa kulinganisha 1961 na 1963, mwishoni kama 125,000 kwa mwaka, kwa kulinganisha 1972 na 1977. Kanuni ikatoa takriban 675,000. Sensa zilizofanyika kandokando ya mwaka huo zilipata kiasi cha 483,000 mwaka 1967 na 693,000 mwaka 1971. Kwa maneno mengine, rula iliweka mwaka 1969 nyumbu wengi kuliko waliohesabiwa miaka miwili baadaye, ilhali kundi lilikuwa likikua miaka yote ile. Mpindo ulirudi ndani ya mipaka, lakini kwa kuponea chupuchupu, umebana kwenye ukingo wa juu.

Hilo nalo lilinifunza. Hatua ya miaka 16 ni ndefu mno. Ulaini haufuti urefu wa pengo. Mjukuu alinipa kipimo chake: ukikata hatua nusu, kosa la rula hupungua takriban mara 4, la mpindo wa Hermite takriban mara 16. Mpindo hulipa kwa ukarimu, lakini kwa anayepima mara nyingi. Tena ni wa kati ya ncha tu. Ningeuachia uendelee mbele kwa kasi ile ya 1977, ningewajaza nyumbu hadi Mugumu mjini. Wao walisimama kwenye milioni moja na ushei, malisho yakiwa yamewatosha bila ziada, na ukame wa mwaka 1993 ukawashusha chini ya milioni moja. Anayeunga si mtabiri.

Sasa lugha. Nimehangaika kulitafutia jambo hili jina. Wengine watasema intapolesheni, na sina ugomvi nao. Wanaisimu wanalo neno "uchopekaji" kwa sauti inayoingizwa katikati ya neno, na lingeweza kuazimwa, ila kuchopeka ni kusukumia kitu kilichotoka nje, kama unyoya kwenye kofia. Mpindo huu hautoki nje. Umeota kutoka ncha zote mbili hadi ukakutana. Nimeridhika na "uungaji laini" hadi nitakapopata bora. Kasi ya mabadiliko kwenye grafu tuliizoea kwa jina la "mteremko", neno ambalo limenichekesha tangu ujana wangu, maana mto unaofurika unatakiwa kuwa na mteremko chanya, yaani unateremka kwenda juu. Washairi hawangevumilia hilo hata ubeti mmoja.

Washairi, kwa kweli, wanaijua tofauti ninayoisema kabla ya Hermite. Tazameni pindu. Kipande kinachofunga ubeti ndicho kinachofungua ubeti unaofuata. Ncha zimegusana, sharti limetimia. Lakini nimesoma pindu nyingi, na nimetunga chache za aibu, ambamo maneno yameungana na fikra imevunjika kiwiko. Ubeti mmoja umefika kwenye kilio kinachopanda. Wa pili unaanza na maneno yaleyale ukiwa tayari umetulia, kama mtu aliyesahau kwamba alikuwa akilia. Thamani ni ileile, mwelekeo sio. Mtunzi mahiri huungisha vyote viwili, na msikilizaji haoni mahali pa mshono.

Na kitenzi cha Kiswahili kimeumbwa kwa kazi hiyo hiyo. "Maji 120" ni nukta. "Maji yamefika 120" ni nukta iliyotulia, imefika, pengine imekaa. "Maji yanafika 120 yakipanda" ni nukta yenye mkono unaoelekeza. Kile kiambishi "ki" kidogo, ambacho nimekifundisha katika vipindi vya sarufi kama sifa ya matendo yanayokwenda sambamba, kimebeba nusu nzima ya habari ambayo programu ya kompyuta huitafuta kwa maswali saba. Kijana wangu alikuwa na habari hiyo kwa Kiswahili, hana njia ya kuitia kwenye safuwima mbili nilizomruhusu. Akaichora. Nundu ile ilikuwa tafsiri ya vitenzi viwili.

Mwezi uliopita nilimtafuta. Anaishi si mbali na Nyambureti, analima mahindi na anafuga. Nilimkuta akikarabati boma la ng'ombe. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Alinisogeza kivulini, vikaletwa viti viwili, nami nikatoa daftari.

Alicheka kwanza kwa ajili ya mwandiko. Kisha akafika kwenye ukurasa wenye rangi nyekundu, akanyamaza kidogo. Nikamweleza niliyoyaeleza hapa, kwa ufupi na bila majina ya Wazungu, nikachukua kalamu nikaikata sifuri yangu na kuandika 5/5 na tarehe ya siku ile. Nikamuuliza jambo lililonisumbua tangu nilipofungua sanduku: ilikuwaje akapima mara mbili asubuhi ile, wakati kazi ilikuwa kusoma mara moja na kuja darasani?

"Sikuwa napima, Mwalimu," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshavuka. Nilikuwa namsubiri mdogo wangu, alikuwa darasa la tatu, anakuja nyuma. Nguzo ilisoma 12. Kwa agizo lako alikuwa anaruhusiwa kuvuka. Lakini niliposimama pale nikaona alama imemezwa, na hata nusu saa haijaisha. Alipotokea ng'ambo nikampigia kelele arudi nyumbani. Alilia, alitaka kuja shule."

Nikamuuliza mdogo wake yuko wapi siku hizi.

"Huyo aliyekuletea kiti," akasema.